Siku Haji Alipokwama Langoni na Bastola

Kwiiii-kwik! Hivyo ndivyo kilivyolia kifaa changu cha kutafutia chuma mwilini. Vile vya uwanja wa ndege vina adabu, vinasema tiit halafu vinanyamaza. Chetu kilikuwa na betri zilizochoka na kifuniko kilichofungwa kwa mpira, kwa hiyo kikikuta chuma kililia kama kuku anayevutwa kutoka chini ya kitanda. Hadi leo nakisikia. Juzi nilikuwa harusini, mpishi akaburuta sufuria kwenye saruji, kwiiii-kwik, mkono wangu ukainuka wenyewe, nikamwambia mama aliyesimama mbele yangu, "Eddo, shangazi yangu, inua mikono tafadhali." Akainua. Nadhani alifikiri ni sehemu ya harusi.

Wadogo zangu mnaotafuta kazi za langoni, naitwa Nimo, na mimi ni mstaafu. Msicheke. Najua mstaafu anatakiwa awe na mvi na magoti yanayouma, na mimi nina meno yangu yote na sijaolewa bado. Lakini nilifanya kazi ya kupekua wanawake kwenye lango la ukumbi wa mikutano hapa Garissa tangu nilipoacha shule kidato cha pili, mpaka walipoleta ule mlango wa chuma ambao mtu anapita katikati na wenyewe unajua. Mlango hauombi ruhusa ya kwenda kuswali wala hauitishi chai ya saa nne. Nikaambiwa asante. Sasa nauza dira na garbasaar, zile shali kubwa za mabegani, sokoni na nina ndoto ya duka lenye kioo mbele na sanamu ya mwanamke ndani, ila mama anasema sanamu haitaingia nyumbani kwake hata ikija na zawadi.

Malango bado yapo mengi, hospitali, benki, hoteli, na kila lango linataka msichana wa kupekua wanawake, maana mwanamume hawezi. Ndiyo maana naandika.

Jambo la kwanza: salamu kabla ya mikono. Mwulize habari ya watoto, habari ya mifugo, mvua imefika wapi. Akishafika kwenye mvua mabega yake yanashuka, na hapo ndipo unaanza. Tumia mgongo wa mkono, si kiganja. Mwenye hina mbichi usimguse vidole, utaharibu kazi yake ya siku nzima na atakulaani hadi Elwak. Na usiseme kwa sauti, "Hii ni nini hapa?" Hata kama ni kijiko. Mwanamke wa Garissa ana mifuko mingi kuliko koti la fundi umeme, na kila mfuko una sababu yake. Nimekuta makufuli, mikasi, chupa ya chai iliyojaa, kinu kidogo cha iliki na mchi wake, na rimoti ya televisheni ambayo mwenyewe aliniambia, "Nimeibeba ili watoto wasome."

Aliyenifundisha kazi ni Adeer Dubow, yaani ami Dubow, mzee aliyekuwa akipekua upande wa wanaume, mwanajeshi wa zamani mwenye masikio yanayosimama kama ya punda anayesikiliza. Hakuweza kunionyesha kwa mtu, ingekuwa aibu, kwa hiyo alinifundisha kwa godoro. Alilikunja, akalifunga kanga kiunoni, akalisimamisha ukutani.

"Haya, pekua."

Nikalishika tu moja kwa moja.

"Salamu!" akapiga kelele. "Umeingia kwa godoro la watu bila hodi?"

Basi kwa siku kadhaa nililiamkia godoro. Mpaka leo sipiti duka la magodoro bila kusema salaamu aleikum kidogo moyoni.

Wiki yangu ya kwanza peke yangu nilimpekua mama mnene aliyevaa jilbabu kubwa. Nilipofika tumboni nikasikia meee. Nikakitazama kile kifaa. Nikakitikisa. Meee tena. Nikawaza, betri zimezidi kuoza, sasa kinabadilisha lugha. Nikamwomba mama asubiri, nikabadilisha betri zote, mama ananitazama kwa huruma nyingi tu. Nikarudi. Meee. Nikatoka nje nikamwambia Adeer Dubow kifaa kimeharibika kabisa. Akaelekeza kidole chini ya pazia la chumba changu cha kupekulia.

"Nimo. Kifaa hakina kwato."

Nikageuka, naona kwato mbili ndogo zimechungulia chini ya jilbabu. Mama alikuwa amepata mwana-mbuzi aliyeachwa na mama yake, na hakuwa na pa kumwacha. Sheria ya lango ilisema silaha haziingii, haikusema lolote juu ya mbuzi. Akaingia. Nasikia alikaa kimya kuliko wajumbe wote.

Sasa nije kwenye silaha, maana ndizo zilizofanya lango letu liwe lango. Siku zile nilikuwa na mawazo yangu. Nilisikia watu wakizungumza kwamba raia wote wana haki sawa, nikaona vizuri, basi wote tupewe bunduki. Niliota mama yangu akienda sokoni na bastola ya rangi ya waridi, imeshonewa shanga. Nikamwambia Adeer Dubow wakati wa chai.

"Mama yako anakwenda kununua nini?"

"Nyanya."

"Na muuza nyanya naye anayo?"

"Anayo. Haki sawa."

"Basi bei ya nyanya itapangwa na nani?"

Akanywa chai yake taratibu, halafu akanieleza, na mimi nawaeleza nyinyi, maana langoni mtaulizwa. Nchi hii kubeba bunduki ni ruhusa, na ruhusa ina masharti. Raia mwenye leseni anatembea nayo ikiwa imefichwa. Akiitoa kuringa nayo mbele za watu, ana kesi. Halafu kuna polisi wa akiba, sisi twawaita homugadi, wachungaji waliofunzwa na kupewa bunduki ya serikali walinde mifugo na vijiji. Yao inabebwa wazi, begani, kila mtu aione.

"Kwa hiyo ya tajiri inafichwa na ya mchungaji inaonekana," nikasema. "Na hapa kwetu?"

"Hapa kwetu kuna kabati."

Kweli, upande wake kulikuwa na kabati la chuma lenye kufuli, na kila silaha iliyoachwa iliandikiwa namba. Tajiri, mchungaji, bwana harusi, wote kabatini. Hiyo ndiyo haki sawa niliyoielewa kwanza maishani mwangu, na ilikuwa na kutu kwenye bawaba.

Sasa siku yenyewe.

Kulikuwa na mkutano mkubwa wa kuchagua homugadi wapya. Kamati ilikaa ndani ukumbini na kipaza sauti, na spika moja ilikuwa imetundikwa nje karibu nasi, kwa hiyo tulisikia kila kitu pamoja na watu wakikohoa. Utaratibu ulikuwa rahisi. Linaitwa jina la kijiji au sehemu ya malisho, anayesimama kwa niaba ya sehemu ile anasimama, anasema jina lake na sababu zake. Asiposimama mtu, nafasi ya sehemu ile inapewa wengine. Hakuna kesho.

Asubuhi ile alishuka mwanamke kutoka lori la mifugo, mrefu, vumbi mpaka kwenye kope, anachechemea kidogo. Akaja foleni yangu moja kwa moja.

"Wamefika kwetu?" ndiyo salamu yake. Akataja kijiji chake, huko upande wa Ijara.

"Bado, Eddo. Habari ya watoto?"

"Wako. Nipekue upesi, abaayo, dada yangu."

Jina lake Rukia. Tuliongea Kisomali, naandika Kiswahili mpate kuelewa nyote. Nilipokuwa nikimpapasa mabega alinieleza yote kwa haraka kama mtu anayesoma kabla taa haijazimika. Mume wake alikuwa homugadi. Alipofariki kwa maradhi, bunduki ikarudishwa serikalini kama sheria inavyotaka. Tangu hapo kijiji hakina hata moja, na wezi wa mifugo wamejua. Wamekuja, wakarudi tena, na safari ya mwisho walimpiga bintiye mkubwa kwa kitako cha bunduki kwa sababu alikataa kuachia kamba ya ndama. Vijana wa kijiji wote wamehama na ng'ombe.

"Aliyebaki ni nani?" nikamuuliza.

"Mimi, kina mama, na wazee wanaotafuta miwani wameivaa. Tumekaa, tumeamua niende mimi. Nikichelewa tumekosa."

Nikapitisha kifaa nyongani. Kwiiii-kwik!

Akatoa sindano ya kushonea mikeka. Kwiiii-kwik! Akatoa ufunguo, kengele ya ndama, kisu kidogo cha kukatia kamba, nikaviweka pembeni. Kwiiii-kwik! Akatoa bangili, kwa hasira sasa. Nikapitisha tena polepole, na pale pale, nyonga ya kushoto, kwiiii-kwik.

"Ah," akasema. "Hiyo siwezi kutoa."

"Ni nini, Eddo?"

"Risasi."

Nikarudi nyuma nikagonga ukuta.

"Usiogope, iko ndani ya nyama. Nilipigwa nikiwa msichana, nikichunga. Daktari akasema kuitoa ni hatari kuliko kuiacha. Haina shida. Mvua ikikaribia inawasha. Majirani huniuliza mimi hali ya hewa, redio waliacha."

Kumbuka, wadogo zangu, ukutani langoni palikuwa pameandikwa kwa rangi nyekundu: SILAHA NA RISASI HAZIINGII. Na siku ile tulikuwa na bosi mpya, Bwana Mutua, kijana kutoka Mwingi, anayetoa jasho kama birika na anayependa sheria kama wengine wanavyopenda mpira. Nikamwita. Akasimama nje ya pazia, akasikiliza.

"Risasi ngapi?"

"Moja, Bosi. Nyongani. Ndani."

Nikasikia akipiga hatua moja nyuma.

"Ni nzima?"

Rukia akajibu mwenyewe kwa Kiswahili. "Mimi ndio nzima. Yeye sijui, hatuongei."

Adeer Dubow akasema kutoka upande wake kwamba risasi iliyokwisha kupigwa ni kipande cha chuma tu, kama kijiko.

"Imeandikwa risasi hapo ukutani," Bwana Mutua akasema. "Haikuandikwa iliyopigwa wala isiyopigwa. Sheria ni sheria. Wacha nimpigie mkubwa wangu. Mama asitoke humo chumbani mpaka nirudi." Akaenda chini ya mti kutafuta mtandao, mkono mmoja umeinua simu kama anayeomba mvua.

Spika ikaita sehemu nyingine. Rukia akahesabu kwa kichwa. "Bado tatu."

Hapo hapo ndipo alipofika Haji Bare.

Haji Bare ni mfanyabiashara wa ng'ombe, mwanakamati, mtu mwenye sauti ya mnada ambayo ikiwa Garissa, Dadaab wanauliza nani ameita. Yeye ndiye aliyesimama katika mkutano uliopita akasema mwanamke apewe sufuria, bunduki aachiwe mwanamume. Siku zote huvaa suruali na mkanda mpana, lakini siku ile alitaka kuwapendeza wachungaji, akavaa kikoi chetu, maawis, na shati jeupe. Na alikuwa akitembea vibaya. Alikuwa akitembea kama ngamia aliyefungwa mguu mmoja, mkono wa kulia umebana paja.

Kifaa cha Adeer Dubow kikalia hata kabla hajakisogeza.

"Nina leseni," Haji akasema.

"Najua, Haji. Kabati."

"Leseni inaniruhusu kubeba."

"Inakuruhusu. Kabati."

"Dubow, sikiliza." Akashusha sauti, lakini sauti ya Haji ikishushwa inafika sokoni tu badala ya Dadaab. "Sheria inasema niifiche. Nikiitoa hapa, mbele ya watu hawa wote, nimeionyesha hadharani. Unataka nivunje sheria ili nitii sheria?"

Foleni yote ikaanza kunong'ona kwamba Haji ana hoja. Mtu mmoja akasema, "Wallahi, apelekwe bungeni."

Adeer Dubow akamtazama chini mpaka juu, kisha akamtazama mkono uliobana paja. "Haji. Umeivaa wapi?"

Haji akafumba macho. Ikabidi aseme. Mfuko wa bastola ulitengenezwa kwa mkanda wa suruali. Yeye akaufunga kwa mkanda juu ya kikoi, ndani ya shati. Kikoi, kama mjuavyo, hakina mahali pa kushika mkanda, kinakaa kwa kukunjwa na kwa rehema za Mungu. Tangu aliposhuka garini bastola ilikuwa ikiteremka, na mkanda unateremka nayo, na mkunjo wa kikoi umo ndani ya mkanda. Sasa bastola ilikuwa pajani. Akiiachia inashuka, na ikishuka inashuka na kikoi.

"Nataka chumba," akasema. "Chumba cha faragha."

Chumba cha faragha kilikuwa kimoja tu. Changu. Wanaume walipekuliwa hadharani, kwani nani alifikiria kwamba wanaume wana siri?

"Kina mtu," nikasema.

"Atoke!"

Rukia akachungulia kwenye pazia. "Nimekatazwa kutoka, Haji. Sheria ni sheria."

"Mwambie bosi wako!"

Bosi alikuwa bado chini ya mti, anazunguka shina. Spika ikaita tena. Rukia akaacha kucheka. "Bado mbili," akaniambia kwa sauti ndogo, na nikaona mikono yake imeiokota tena kengele ya ndama, imeishika kwa nguvu ili isilie.

Wadogo zangu, pale nilijifunza jambo ambalo godoro halikunifundisha. Yule mwanamke angeweza kukaa na kumtazama Haji akiaibika. Kulikuwa na watu wengi na simu zao tayari ziko juu. Badala yake aliniuliza, "Nikisimama hapa kizingitini, mguu mmoja ndani, nimetoka?"

"Hujatoka," nikasema. Sikuwa na hakika, lakini nilisema.

Akavua garbasaar yake ya juu, akabaki na mtandio, akashika ncha moja, akawaita wanawake wa foleni. "Dada zangu, njooni. Migongo kwake, nyuso kwa watu. Tandazeni." Kufumba na kufumbua, garbasaar ya manjano, ya kijani, ya maua makubwa, zikashikanishwa zikawa chumba, katikati ya lango la ukumbi, na Haji Bare amesimama ndani. Mama mmoja alimnyang'anya kijana simu akaitia kwapani.

"Haji," Rukia akasema bila kugeuka, "imefungwa usalama?"

"Imefungwa."

"Ielekeze chini. Chini ambako hakuna mguu wako."

Adeer Dubow akainama akaingia chini ya vitambaa. Sisi tulio nje tulisikia tu.

"Shika hapa."

"Hapa?"

"Si hapo! Hicho ni kikoi!"

"Basi kikoi shika mwenyewe, mimi nashika mkanda."

"Mikono yangu miwili, Dubow, si minne!"

"Shikia kwa meno."

"Kwa nini kwa me... mmmh! Mmmh!"

Wanawake walicheka mpaka kuta za chumba zikatikisika, na Haji akanguruma kupitia kikoi kwamba nyumba inabomoka. Hatimaye Adeer Dubow akatoka kinyumenyume na kitu kilichofungwa katika kilemba chake mwenyewe, akakiweka kabatini, akageuza ufunguo. Hakuna aliyeiona bastola. Ilifichwa mpaka mwisho, kama sheria inavyotaka. Haji akatoka amefunga kikoi upya, juu sana, karibu na kifua, amekuwa mwekundu masikioni. Akaanza kwenda ndani.

Hapo spika, iliyokwisha kuita sehemu mbili tulipokuwa tukicheka, ikaita kijiji cha Rukia.

Bwana Mutua alikuwa akirudi mbio kutoka mtini, simu mkononi, uso umemshuka.

"Bosi, wamemwita! Mkubwa amesemaje?"

"Ameniuliza kama nimelewa. Halafu amekata."

"Basi amua wewe!"

Akatazama maandishi mekundu. Akamtazama Rukia. Spika ikaita mara ya pili, na sauti ya mwenyekiti ikasema kama hayupo twende mbele. Mimi sijasoma sana, na nikiogopa mimi hulia, kwa hiyo nilisema huku machozi yananitoka na pua pia.

"Bosi, Haji ameacha yake kwa sababu inaachika. Na imemtoa jasho, umeona. Huyu yake haiachiki. Unataka aache nyonga langoni? Nitaiandikia namba gani?"

Bwana Mutua akafungua mdomo. Na kabla hajasema, kutoka mlango wa ukumbi ikapasuka ile sauti ya mnada:

"YUPO! Warya, mwenyekiti, shikilia hapo! Yupo, anakuja!"

Haji Bare, ameshika kikoi kwa mkono mmoja na mlango kwa mkono mwingine.

"Pita, mama," Bwana Mutua akasema. "Pita, pita." Na Rukia akapita, kwa ile miguu yake ya kuchechemea, kwa kasi ambayo sijawahi kuiona kwa mtu mwenye miguu miwili mizima.

Sisi tukakimbilia spika, tukasimama chini yake, foleni nzima, shingo juu kama twiga.

Alisema jina lake, la baba yake na la babu yake. Alisema habari ya kijiji, ya wezi, ya bintiye na kamba ya ndama. Hakuongeza chumvi. Halafu sauti ya mwanamume fulani ikauliza, "Mama, pole kwa hayo. Lakini mwanamke ataweza kubeba bunduki?"

Tukasikia Rukia akivuta pumzi.

"Ya ndani ninayo tangu nilipokuwa msichana," akasema. "Nimeibeba nikiteka maji, nikikamua, nikizaa watoto sita. Hakuna mtu aliyeniuliza kama naweza. Ya ndani ninayo. Naomba ya nje."

Kwanza hakuna aliyejua kama inaruhusiwa kucheka. Halafu ukumbi mzima ukalipuka. Mwenyekiti akagonga meza, akasema, Haji Bare, wewe mkutano uliopita ulikuwa na maneno mengi juu ya jambo hili, leo unasemaje?

Kiti kikalia.

"Leo," Haji akasema, "mimi juu ya mambo ya kubeba sina la kusema." Adeer Dubow akakaa chini kwenye vumbi, akajishika mbavu. Lakini Haji hakuwa amemaliza. "Aende na wanaume. Mafunzo yale yale, shabaha ile ile. Akikosa, arudi nyumbani kama mwingine yeyote. Akipata, apewe."

"Na sufuria je, Haji?" mtu akapiga kelele.

"Sufuria nitanunua mwenyewe!"

Wakaandika jina lake. Msije mkadhani aliletewa bunduki siku ile na maua. Alipata nafasi ya kujaribiwa, kama wengine. Yeye mwenyewe ndivyo alivyoniambia alipotoka kuchukua sindano na kisu chake. "Sikuja kupewa, abaayo. Nilikuja nisirukwe." Akaniachia donge la nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa kwa mafuta, ndani ya karatasi, akaniuliza mbona macho yamevimba, akapanda lori lile lile, akasimama katikati ya mbuzi wa watu kama mtu aliyekaa kiti cha mbele.

Jioni wote walikwenda. Haji alichukua bastola yake akiwa ndani ya gari, madirisha yamefungwa, na dereva ametolewa nje. Bwana Mutua alitafuta rangi nyekundu ili aongeze maneno kwenye ukuta, lakini hakupata maneno, akaenda kula. Adeer Dubow akaenda msikitini.

Nikabaki kwenye chumba changu cha kupekulia, nafagia. Nikawaza: homugadi wakija mkutanoni huja na bunduki zao ndefu, na kabati liko upande wa wanaume. Rukia akifuzu, siku atakayokuja ataiweka wapi? Hatapanga foleni ya wanaume ili apekuliwe na Dubow. Atakuja kwangu, vumbi kwenye kope, anauliza wamefika wapi, na mimi nitakuwa nimesimama na ukuta mtupu.

Nikatafuta jiwe. Kwenye ubao wa juu ya pazia kulikuwa na misumari ya zamani, nikaing'oa miwili, nikainyoosha juu ya kizingiti. Nikapima kwa macho urefu wa bunduki kutoka ardhini, mdomo juu, nikapigilia msumari mmoja, kisha mwingine karibu yake, ikiacha nafasi katikati. Vidole viliumia. Nikachukua ufagio uwe badala ya bunduki, nikausimamisha ukutani, shingo yake katikati ya misumari, nikauachia mkono taratibu.

Ukakaa.